Salfa Iliyovuka Mpaka

Umande ulikuwa bado kwenye majani Cuthbert aliposimama mpakani mwa shamba lake la Lisekese, akimtazama jirani yake Ashiru akipulizia mikorosho. Bomba lilinguruma, vumbi la njano likapanda mpaka vileleni. Salfa ile, dawa ya mikorosho, ilikuwa ya Cuthbert. Alimuuzia Ashiru kwa siri, na kwa hela hiyo akanunua sarafu za mtandaoni zilizokuwa zikipanda bei kila alipofungua simu. Wiki ya tatu zikaporomoka. Kilichobaki hakikufika bei ya kilo ya sukari.

Mkewe, Ethel, aliambiwa miti imekwisha kupuliziwa. Ugonjwa wa ubwiriunga ulipokausha maua, Cuthbert akasema salfa ya mwaka huu ni mbovu.

"Mbona ya Baba Hajira si mbovu?" Ethel aliuliza, akiitazama mikorosho ya Ashiru.

Wivu ulimbabua Cuthbert kama mafuta ya ganda la korosho. Alishika simu akila, akaishika kanisani, akingoja namba zirudi juu, na kila zilipokataa alitoka kwenda kutazama mabibo ya Ashiru yakiiva. Siku moja aliomba mvua inyeshe iyaharibu maua ya mwenzake. Kisha akakumbuka kwamba mvua haijui mpaka.

Upepo nao haukuujua. Oktoba, yeye na Ethel walipokwenda kuokota, walikuta shamba zima limekauka, isipokuwa mstari mmoja uliopakana na Ashiru. Huo uliinama kwa mabibo.

"Shemeji," Ashiru aliita kutoka kwake, "upepo wangu huo. Mniletee walau mabibo ya kunyonya."

Ethel alicheka. Kisha akautazama mstari ule, akatazama miti mitupu nyuma yake, kicheko kikaisha.

"Baba Yuster, kumbe vumbi la kupeperuka tu limetosha?"

Cuthbert alitazama chini. "Yangu haikuwa mbovu. Nilimuuzia yeye."

"Na hela?"

"Ilikuwa kwenye simu."

Ethel akanyoosha mkono, akaichukua ile simu, akaizima, akaitupia ndani ya kikapu na kumwaga korosho juu yake.

"Okota," alisema. "Huu mstari ndio wetu."

Cuthbert aliinama. Ng'ambo ya mpaka korosho za Ashiru zilikuwa zikidondoka, moja moja. Alizisikia zote.