Vaa Miwani, Mwalimu

Sina hamu tena ya kuona tableti kuukuu, lakini ile ya shule ya Mlali siisahau.

Kiwanda kilikuwa kimeshaitelekeza, hakiitolei tena matoleo mapya, nikajitia kuiwekea Android mpya mwenyewe. Kila kitu kilikubali isipokuwa waifai. Ile programu inayoufanya mfumo uelewane na chipu ya waifai, ambayo mafundi tunaiita draiva, ilinitoa jasho wiki tano. Naiweka, nawasha, inagoma. Umeme unakatika, naanza upya. Mwishowe nikachukua mafaili ya tableti nyingine iliyotengenezewa soko la Marekani, nikayapachika. Ikanasa mtandao wa hapo hapo dukani kwangu, Morogoro mjini. Nilikuwa nimechoka hata kufurahi sikufurahi.

Nikampelekea mwalimu aliyenifundisha darasa la tatu, ambaye bado anafundisha Mlali. Akiridhika yeye, shule ingenipa na tableti zake nyingine zote nizitengeneze. Simu yake ni kitochi, hivyo tableti ilikuwa ngeni kwake. Kesho yake akanipigia: haoni jina la mtandao wa shule, anaona la zahanati ya jirani tu.

"Vaa miwani, mwalimu, uangalie vizuri," nikamwambia.

Alipiga mara mbili zaidi, sauti ikizidi kushuka, na mimi nikamjibu yale yale. Halafu akaacha kupiga. Niseme ukweli, nilishukuru.

Baada ya wiki mbili nikaenda mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia, akanipa tableti. Kweli, jina la shule halikuwepo. Nikakagua ruta yao: ilikuwa inarusha kwenye chaneli ya kumi na tatu, mojawapo ya njia za mawimbi ya waifai. Marekani hawaitumii hiyo, na mafaili niliyopachika bado yalikuwa na herufi mbili za kutambulisha nchi yao, kwa hiyo tableti haikuwa hata ikiitafuta. Wiki tano za kuhangaika, na nilisahau kuiambia kwamba ipo Tanzania. Nikachomeka kompyuta, nikabadilisha herufi, nikaiwasha upya. Jina likatokea juu kabisa ya orodha. Mwalimu akalisoma akiwa upande wa pili wa meza, bila miwani.

"Kwa hiyo sio macho yangu?" akauliza.

"Sio macho, mwalimu. Ni mimi. Nisamehe."

Akasema ameshanisamehe, kwa upole ulioniumiza kuliko kama angenigombeza. Kisha akanieleza kwamba alimwandikia mkuu wa shule barua, kuwa macho yamekwisha, darasa la tatu apewe mwingine. Mkuu alikubali. Tangu Jumatatu watoto wake walikuwa na mwalimu mpya.