Sauti ya Mama Ndani ya Gari

Kazi yangu chuoni ilikuwa kuwasaidia wahadhiri waingize Japani katika masomo ya shahada ya kwanza. Nilichaguliwa kwa sababu niliwahi kuishi huko miaka miwili, na kwa sababu hakukuwa na mwingine. Kijapani changu kilikuwa kimebaki cha salamu na chakula.

Aliyenihitaji kweli alikuwa mhadhiri wa jiografia, mama mmoja wa mtaa wa Musaga asiye na subira. Alikuwa ametunga somo jipya juu ya Japani, na asubuhi hiyo mkuu wa kitivo, tuliyemwita Doyen, alikuja kulitazama. Asiporidhika, somo lingefutwa na saa zake za kufundisha angepewa mwingine. Mimi nilikuwa nimemtayarishia picha: mlima wenye theluji, miti yenye maua, mlima tena.

"Prof," aliniambia, "hii ni kalenda."

Kisha umeme ukakatika na mlima ukazimika ukutani. Doyen akatazama saa. Mama alinigeukia, akaona kwangu hakuna msaada, akawaambia wanafunzi, "Mutoke inje. Tunaenda kwenye magari."

Mafuta yalikuwa yameadimika mjini kwa majuma, na magari ya walimu yalikuwa yamelala uani, majani makavu yakiyafunika taratibu kama shuka. Karibu yote yalitoka Japani. Sote tulijua, na hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hilo.

"Kila gari ilikuwa na mutu wake kule," alisema mama. "Mumutafute. Muniambie kwa nini aliiachilia ikiwa bado nzima."

Wakatawanyika. Mji usio na injini una utulivu wa ajabu. Nilisikia hata kucha za kunguru juu ya mabati. Wanafunzi walichungulia vioo, wakasugua vibandiko kwa vidole, wakaniita.

"Prof, hapa inasema nini?"

"Mambo ya oili."

"Na hapa?"

"Oili pia."

"Basi Japani yote ni oili!"

Mama akawaeleza kwamba kule gari likizeeka, ukaguzi na kodi humchosha mwenyewe, basi huliuza. Ndipo msichana mmoja akasema, "Doyen, samahani, tufungulie yako."

Doyen alisita, akaingia, akageuza ufunguo nusu. Kioo kidogo cha ramani karibu na usukani kikawaka: barabara nyembamba, mto, kisha bahari ya buluu, na mshale umesimama ufukweni, kana kwamba gari halijaondoka Japani. Sauti laini ya kike ikasema maneno machache.

"Huyu mama ananisemesha kila asubuhi," alisema Doyen. "Sikuwahi kuuliza. Anataka nini?"

Wote wakanitazama. Kwa bahati, hilo nililijua.

"Anasema hujaweka kadi ya kulipia barabara."

"Miaka yote hii?"

"Kila asubuhi."

Wanafunzi waliangua kicheko. Doyen hakucheka.

"Na mwenye gari, alienda wapi?" akauliza.

"Labda alizeeka," msichana alisema polepole, "akashindwa kuendesha. Na watoto wako mbali, mu miji mikubwa."

Doyen aliendelea kuitazama ile bahari. Mama alikuwa amenishika mkono wa shati, ameukunja wote.

"Saa zako zinabaki zako," Doyen akamwambia, bila kugeuka. "Sasa munifungie mulango, nibaki kidogo na huyu mama."