Siku ya Wingu Kwenye Majaruba ya Chumvi

Zuwena anakokota chumvi kwenye majaruba ya nje ya Kilwa Masoko tangu hajaolewa, na miaka yote hiyo saa ya mapumziko imetangazwa na mti mkavu uliochomekwa kwenye tuta. Kivuli chake kikijikunja hadi shinani, watu huweka reki chini, wakaenda bandani kunywa maji.

Siku ile ya Machi kivuli hakikuwepo. Wingu lilitanda, upepo ulikata, na kila mtu alijua mvua ikinyesha, chumvi ambayo haijazolewa itayeyuka. Jasho liliwatiririka hadi ndani ya mabuti. Halikukauka, wala halikumpoza mtu.

"Likwata, tupumzike," Zuwena alimwambia msimamizi.

"Kivuli kiko wapi, dada? Mungu mwenyewe kakufungulia mwavuli, bado unalalama!"

Watu wakacheka. Mwanahija, mdogo wake Zuwena, naye akacheka.

Baadaye Mwanahija akaanza kuzoa chumvi na kuirudisha majini. Zuwena alipomkemea, alijibu, "Naja, mama." Mama yao walishamzika. Kisha akaanguka.

"Pepo huyo," alisema Likwata. "Mfunikeni, msomeeni."

Zuwena alimgusa mdogo wake shingoni, akahisi kama kagusa sufuria iliyo jikoni.

"Kajifunike wewe! Mtu anaungua, unamwongezea nguo? Wanaume, geukeni!"

Alimvua baibui na mabuti, akalivuta dumu la maji.

"Hayo ya kunywa, Zuwena! Ya watu wote!" Likwata alifoka.

"Huyu si mtu? Nenda kachote mengine, miguu unayo!"

Akammwagia kichwani, kwapani, mapajani. Akavua kanga yake ya kichwani, akailowesha, akampepea nayo bila kupumzika hadi bajaji ilipofika, na njia nzima hadi zahanati.

Magharibi, Mwanahija alifumbua macho. "Dada Zuwena, mbona kichwa wazi?"

Zuwena alitoka nje, akalia kwa hasira.

Kesho yake wingu lilikuwa palepale. Zuwena alipanda tutani, akaung'oa ule mti, akautupa miguuni kwa Likwata.

"Kapikie. Kuanzia leo, jasho likigoma kukauka, tunakaa."

"Na mvua ikinyesha?"

"Chumvi itaganda tena. Mdogo wangu je?"

Likwata aliwatazama wengine, akingoja wacheke. Mmoja mmoja, waliweka reki chini.