Koti Nililolichoma

Mwaka wa njaa, kabla Wadachi, hao Wajerumani, hawajafika Handeni, nilikuwa na miaka kumi na tayari nalimia watu mihogo. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilikaa miezi mitatu tu. Mali yangu nimeitafuta kwa mikono, na sipendi kufundishwa.

Mwezi uliopita mwanangu Saidi alimaliza shule ya serikali Tanga, akarudi Mkata na koti lake la shule. Alikuwa anangoja kazi ya ukarani stesheni ya Korogwe. Kwetu Wazigua, kijana akitoka jandoni, nguo za kambini huchomwa, akavishwa mpya, akahesabiwa mtu mzima. Nikasema shule nayo ni jando. Saidi alipokwenda kuoga nikalichoma koti, nikamwekea kanzu mpya.

"Baba, koti langu liko wapi?"

"Liko mahali pake. Mtu mzima haulizi nguo za utoto."

Tukaenda Korogwe, mimi mbele, kifua nje. Karani mkuu akataka cheti cha shule. Saidi akanigeukia mbele ya watu.

"Baba, nilikishona ndani ya koti. Umelibeba?"

"Nimelichoma. Umeshatoka jandoni."

Karani akaniangalia kwanza. "Mzee, umemtahiri mara ya pili."

Watu wote walicheka. Saidi hakucheka. Aliivua kanzu, akaikunja vizuri, akanipa, akaondoka na msuli tu kiunoni.

Leo nina ng'ombe kumi na mmoja, mashamba matatu ya mihogo, nyumba ya milango miwili, na kanzu mpya isiyo na mvaaji.