Nyuma ya Boksi la Kornfleksi

Verna Duchow alirudi kutoka kiwanda cha jibini akinuka maziwa mpaka kwenye nywele, akalikuta gari la Curtis Haugen limeegeshwa pale pale alipozoa theluji kwa koleo alfajiri. Damu ikamchemka kabla hajafungua mlango.

Miaka kumi na minane Verna aliongoza mchezo wa mezani jikoni kwake kila Jumamosi. Wachezaji walijifanya mashujaa, yeye akawasimulia misitu na majoka, na dadu ya pande ishirini ikaamua nani kapiga, nani kakosa. Sheria za mapigano alizitunga mwenyewe, akaziandika kwenye madaftari matatu kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema. Curtis alikuwa mchezaji wake. Mwaka juzi aliyaazima madaftari hayo, "siku mbili tu, Bi Verna." Sasa alikuwa akitengeneza mchezo wa kompyuta, na gazeti la mjini lilimsifu kwamba sheria zote kazitunga yeye.

Curtis alishuka garini akamfuata mpaka jikoni. Verna alichemsha kahawa. Alijimiminia yeye tu.

"Umependeza, Bi Verna."

"Nanuka. Sema kilichokuleta."

Curtis alikaa kwenye kiti chake cha zamani bila kukaribishwa. "Mapigano yanatushinda. Tumeingiza kila namba kama ulivyoandika. Wanakutana na mbwa-mwitu wanne tu wa mwanzo, mashujaa wote chali! Hapa kwako hakuna aliyewahi kuuawa na mbwa-mwitu. Kuna ukurasa umepotea?"

Verna alitazama juu ya friji. Boksi la kornfleksi lilikuwa bado pale, limekatwa upande. Alikuwa akilisimamisha mezani na kurusha dadu nyuma yake, mtu asione. Mara ngapi mbwa-mwitu alipata ishirini, pigo la kuua, huyu Curtis kabakiza pumzi moja, naye Verna akasema, "Amekosa!" Mwizi kabeba namba zote, na kompyuta yake haijui kumhurumia mtu.

"Ukurasa upo," alisema. "Kichwani mwangu."

"Basi niambie, mama! Mchezo unatoka baada ya wiki sita."

"Jina langu likae mwanzoni kabisa. Sheria za mapigano: Verna Duchow."

Curtis alijikuna shingo. "Tutakuweka mwishoni, kwenye shukrani. Wakubwa wanataka mtu mwenye... mtu aliyesoma. Unaelewa."

"Wakati unabugia tambi zangu hapo, unalialia shujaa wako asife, uliniuliza cheti?"

"Usikasirike, basi."

"Nikasirike lini, nikishazikwa?" Alilishusha boksi, akalibamiza mezani. "Haya. Nikipata zaidi ya tano, nakwambia yote. Bure."

Uso wa Curtis ulichangamka. Dadu ilibingirika nyuma ya boksi, ikatulia. Verna aliinama kuitazama.

"Tatu," alisema. "Umekosa."

"Hebu nione!"

"Kaa chini! Hachungulii mtu. Umesahau? Ukurasa wa kwanza wa daftari uliloniibia."

Curtis alisimama, akavaa kofia, akasonya kama mtoto aliyenyimwa. "Bahati mbaya tu," alinung'unika.

"Rudi na jina langu, tutarusha tena."

Gari liliondoka likirusha theluji chafu mpaka kwenye ngazi zake. Verna alimlaani kwa sauti, akamalizia kahawa yake. Nyuma ya boksi dadu ilikuwa bado imelala, na upande wa juu ulionyesha kumi na tisa.