Kovu la Bingwa wa Manila

Kwa watu wengi wa kwetu Tanga, karafuu maiti ni harufu ya msiba. Ukiinusa nyumbani kwa mtu unashusha sauti na kuuliza ni nani aliyetangulia. Mimi nina kasoro yangu: nikiinusa, moyo unanidunda kwa furaha na natamani mtu anisogezee kiti karibu na ulingo. Msinicheke. Baba yangu alikuwa bondia, na kabla ya kila zoezi alijichua kwa mafuta ya nazi aliyoyachemsha na vipande vya karafuu maiti. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa akifungua madirisha yote na kulalamika kwamba mwanawe anajizika mwenyewe kidogo kidogo.

Nilizaliwa mtaa wa Ngamiani, zama zile sukari na sabuni zilikuwa vitu vya foleni. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha kamba za katani, na kiwanda kilikuwa na timu yake ya ngumi za ridhaa. Kwenye ridhaa, mshindi alipata blanketi na sahani ya pilau, na aliyeshindwa alipata pilau bila blanketi. Katika pambano lake la mwisho la ridhaa Baba aliangushwa raundi ya pili, akahesabiwa hadi kumi, na habari zilifika nyumbani kabla yake. Haukupita muda kiwanda nacho kikaanguka. Wafanyakazi walipunguzwa, timu ikavunjwa. Baba akatundika glavu kwenye msumari nyuma ya mlango, akahamia barazani. Bibi alisema ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini, akamwongezea wali. Chupa ya mafuta ilikauka dirishani, na nyumba ikawa hainuki kitu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa, na maduka yakaanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Jirani yetu Mzee Rajabali, mwenye duka la vitambaa, ambaye wazee wake walitoka India na yeye mwenyewe hakujua kwao kwingine ila Tanga, aliweka televisheni na deki ya video katika stoo ya nyuma. Mpwa wake alikuwa baharia, na kila meli yake iliporudi alimletea mikanda miwili mitatu. Jumapili baada ya adhuhuri wanaume waliopunguzwa kazini walijipanga pale juu ya majora ya kitambaa. Mimi niliruhusiwa kukaa sakafuni, mbele ya miguu ya Baba, kwa sharti la kutoa shikamoo kwa kila mtu na kunyamaza baada ya hapo.

Mkanda wa kwanza wa ngumi tuliouona pale ulikuwa wa bingwa mmoja wa Ufilipino. Maneno ya mtangazaji hakuna aliyeyaelewa, na jina la bingwa lilitushinda kutamka, kwa hiyo tukamwita Manila, kwa jina la mji mkuu wa kwao. Kiwandani walikuwa wakisikia siku zote kwamba kamba za Manila zinashindana na katani yetu, hivyo mwanzoni walimtazama kwa kinyongo.

Siku hiyo Manila alikuwa mtu mzima, kiuno kimenenepa, na kovu refu juu ya jicho la kushoto. Alipigwa vibaya. Kabla ya raundi ya mwisho jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, na mzee wa kona yake aliinua taulo alitupe ulingoni pambano liishe. Manila, akiwa bado kwenye kigoda, akalisukuma lile taulo kwa glavu, akasimama. Akapigwa hadi kengele ya mwisho. Mwamuzi aliinua mkono wa mpinzani wa Manila, na katika stoo nzima kinyongo kikawa kimekwisha. Tulipofika kwetu Baba alisimama mlangoni.

"Umeona alivyolisukuma lile taulo?" aliniuliza.

Nikasema nimeona. Akatikisa kichwa, akaingia ndani.

Miezi ilipita, meli ikarudi, ukaja mkanda wa pili. Manila yule yule, kiuno kimepungua, anatwaa ubingwa wa dunia na kuvishwa mshipi! Majora ya Mzee Rajabali yaliporomoka kwa vigelegele vya wanaume wazima. Mkanda wa tatu ulikuwa mtamu zaidi. Manila sasa alikuwa mwembamba kama fito, anacheza miguu, anamwangusha mtu raundi ya kwanza na kucheka. Mzee Rajabali alituonyesha mikanda kwa jinsi alivyoipokea, na sisi tuliisadiki kwa jinsi alivyotuonyesha. Mtu alipigwa, akajikung'uta, akawa bingwa, na mazoezi yakamrudishia ujana wake.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Mzee Rajabali alisema, akipangusa macho kwa pindo la shati.

"Ameacha wali," alisema Mzee Makame, rafiki wa Baba tangu kiwandani. "Mtazame. Huyu anakula mhogo na samaki, basi."

Wiki ile nusu ya mtaa iliacha wali. Bibi alidhani kuna mfungo ambao hakuambiwa.

Mimi peke yangu, kwa kuwa nilikuwa chini kabisa karibu na kioo cha televisheni, niliona jambo. Nikasahau sharti la kunyamaza. "Baba, mbona kovu lake halipo?"

Stoo yote ikanigeukia. Mzee Makame akanijibu upesi kwamba kwao kuna dawa ya makovu. Baba aliniwekea mkono kichwani, mzito na wa moto, akasema, "Tazama ngumi, mama." Nikatazama ngumi. Kwa kuwa nilijibiwa na watu wazima wawili kwa mpigo, niliona nimesoma vya kutosha.

Kesho yake nyumba ilinuka tena. Baba alikuwa ameijaza ile chupa. Akaanza kukimbia alfajiri hadi Raskazone na kurudi, mimi nikimfuata kwa baiskeli yake, mguu nimeupenyeza chini ya bomba kwa kuwa kiti kilinishinda. Watu waliokuwa wakikaa barazani kutwa walianza kutusubiri njiani. Mmoja alirudi kushona viatu, mwingine akanyoa ndevu za miezi mingi. Hatimaye likatangazwa pambano la ngumi za kulipwa, Baba na kijana mmoja kutoka Mombasa. Nawaambieni kweli, sikuwa na shaka yoyote. Baba alishapigwa, sasa zamu yake ya kushinda ilikuwa imefika, kama mikanda ilivyoonyesha. Bibi ndiye aliyekuwa na hofu. Alimwambia waziwazi, "Mwanangu, safari ile ulirudi kwa miguu yako. Safari hii nitaletewa nini mie?" Akaapa hatatia mguu ukumbini.

Pambano lilikuwa alasiri, katika ukumbi uliojaa hadi madirishani. Mzee Makame alikaa kona ya Baba. Raundi tatu za mwanzo mambo yalikwenda sawa, nami nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Kisha yule kijana akaanza kumpata. Mdomo wa Baba ulichanika, magoti yakawa yanamdanganya. Kabla ya raundi ya mwisho nilimwona Mzee Makame akiinua taulo, machozi yanamtoka. Baba akalisukuma kwa glavu, akasimama.

Nilishtuka, na si kwa sababu mnayoidhania. Huo ulikuwa mkanda wa kwanza, ule wa kushindwa! Nilitaka kumpigia kelele kwamba amekosea mkanda, lakini sauti sikuwa nayo. Alipigwa, akamkumbatia mpinzani, akapigwa, na kengele ilipolia alikuwa bado amesimama katikati ya ulingo. Kijana wa Mombasa alishinda kwa pointi. Wale wanaume wa stoo walimbeba Baba juu juu kama kwamba hawakusikia matokeo. Mlangoni tulimkuta Bibi, aliyekuwa ameapa, amesimama na baibui lake na ile chupa mkononi.

Nilikuwa nimeshaolewa niliposoma katika gazeti la michezo, chini ya picha yenye kovu lile lile, habari za maisha ya Manila. Alianza akiwa kijana mwembamba, akatwaa ubingwa, akapata kovu katika kuutetea, akapigwa pambano la mwisho, akastaafu. Tuliyatazama maisha ya mtu kinyumenyume. Nilisafiri kwenda Tanga nikiwa nimeubeba ukweli huo kama jiwe, kwa kuwa niliona umemdhulumu Baba. Nilimkuta akifundisha vijana ngumi katika stoo ile ile. Nikamweleza taratibu, nikichagua maneno.

Alicheka hadi akashika mbavu. "Mwanangu, mimi bondia. Kovu huja, haliondoki. Siku ile ulipouliza, nilikuwa nimeshaliona hilo."

"Mbona hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Watu wamepunguzwa kazi, wameanza kunyoa ndevu, mie niwaambie yule tuliyemwona akipigwa ndiye wa mwisho?"

"Na wewe ukapanda ulingoni ukijua hivyo?"

"Wao walimfuata yule aliyeshinda. Mie nilimfuata yule wa taulo. Nilikuwa nimehesabiwa chini mbele ya watu, mwanangu. Nilitaka nami nifike kengele."

Mimi miaka yote nilidhani baba yangu alipigana kwa sababu alidanganyika pamoja nasi. Kumbe katika ukumbi mzima ni yeye tu aliyejua anaelekea wapi, na alikwenda kwa furaha.

Baba alifariki mwaka jana, nyumbani, baada ya ugonjwa mrefu ambao hakuulalamikia. Nilikaa uani na wanawake wakati wanaume wakimwosha ndani, na ile harufu ikatoka dirishani. Shangazi alinishika bega alipoona machozi yangu. Nilikuwa nalia kweli, lakini moyo wangu, kwa mazoea yake mabaya, ulikuwa unadunda kwa furaha.

"Amefika kengele," nikamwambia.

Hakunielewa. Akaitikia amina.