Mwalimu wa Vitenzi

"Kitenzi kiko wapi?" Ndivyo mwalimu wa Kiingereza pale Barnsley, mji wa Uingereza, alivyouliza kila siku, kwa sauti kavu, vidole vyeupe kwa chaki. Kitenzi kikuu na visaidizi vyake alivipigia mstari mmoja. Ukivitenganisha, alisema, hutajua jambo limetokea au la. Jumatatu moja mwanafunzi wake Enid alitakiwa atunge sentensi, akaandika ubaoni: "Mama angekuwa amesharudi." Mwalimu aliinua chaki, kisha akaishusha.

"Kwani hajarudi, binti?"

"Tangu Ijumaa, mwalimu."

"Na unakula nini?"

"Mkate. Umekwisha."

Enid aliona haya, akatamani kuifuta sentensi yake. Mwalimu alimvika koti lake mwenyewe, akamwongoza hadi nyumbani kwake, akamwambia mkewe mlangoni, "Huyu atalala kwetu." Hapo ndipo Enid alipolia.